Kiwanda Namba 233: Historia ya Kioo cha Lytkarino

Lytkarino ni mji mdogo ukingoni mwa Mto Moskva, kusini-mashariki ya Moscow. Hapo zamani sifa ya eneo hilo ilikuwa mawe: chokaa nyeupe iliyochimbwa huko ilijenga makanisa na kuta za Moscow ya kale. Katika miaka ya 1930 Serikali ya Kisovieti ikaamua kujenga hapo kiwanda cha vioo. Kikapewa namba, 233, na tangu siku hiyo habari za mji na habari za kiwanda zikawa kitu kimoja.

Asili ya utengenezaji wa kioo cha lenzi nchini humo ni ya mwaka 1914. Kabla ya hapo Urusi ilinunua kioo cha lenzi nje: kwa Schott wa mjini Jena, Ujerumani, kwa Chance Brothers wa Uingereza, na kwa Parra-Mantois wa Ufaransa. Vita Kuu ilipozuka, Jena ikawa katika nchi ya adui. Jeshi lenye mamilioni ya askari likajikuta halina uhakika wa kupata kioo cha darubini ya ofisa wala cha kipimaumbali cha mzinga. Kazi ya kutafuta dawa ikaangukia kiwanda cha vyombo vya kauri cha Petrograd, alikokuwa Nikolai Kachalov, naye akasaidiwa na mkemia Ilya Grebenshchikov na mwanafizikia Dmitry Rozhdestvensky. Mapinduzi yalipokuja hayakuivunja kazi yao. Desemba 1918, njaa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeikamata nchi, Rozhdestvensky alianzisha Taasisi ya Serikali ya Optiki, iliyojulikana kwa kifupi chake cha Kirusi, GOI. Mwaka 1927 Umoja wa Kisovieti ukaacha kuagiza kioo hicho kutoka nje.

Msomaji asidhani hilo lilikuwa jambo dogo. Kioo cha dirisha kikiwa na ukungu kidogo au kiputo, nyumba haianguki. Kioo cha lenzi kikiwa na mchirizi mmoja mwembamba kama unywele, taswira huharibika na risasi hukosa shabaha. Mchanga wake lazima uwe safi mno, kwani chembe za chuma hukitia rangi ya kijani. Mchanganyiko huyeyushwa katika chungu kikubwa cha udongo mgumu, kisha hukorogwa kwa saa nyingi kwa mche wa udongo wa namna hiyohiyo, ufundi alioubuni Mswisi Pierre Louis Guinand zaidi ya karne moja kabla. Kwa utaratibu wa zamani, chungu kiliachwa kipoe polepole na kioo chake ndani, halafu kikavunjwa. Mafundi waliokota mapande, wakayaelekeza kwenye mwanga moja baada ya jingine, wakatenga yasiyo na ila. Sehemu kubwa ya kilichopikwa ilitupwa. Waliofanya kazi hiyo walijifunza kuiheshimu subira.

Kwa kuwa mteja mkuu alikuwa jeshi, viwanda vya optiki viliwekwa chini ya Kamisarieti ya Silaha, na baadaye chini ya Wizara ya Viwanda vya Ulinzi. Kiwanda cha namna hiyo hakikuandikwa jina lake wala la bidhaa zake hadharani. Anwani yake ilikuwa namba ya sanduku la posta. Mfanyakazi aliingia kwa kibali na kutoka kwa kibali, na michoro ilitunzwa na ofisi iliyoitwa Idara ya Kwanza, ambayo kazi yake ilikuwa kulinda siri. Juu ya hayo alikuwako mkaguzi wa jeshi. Huyu alikuwa ofisa aliyekaa kiwandani mwaka mzima, lakini hakuwa chini ya mkurugenzi wa kiwanda. Bila saini yake mzigo haukutoka, hata kama mpango wa mwezi ulidai tani nyingi kiasi gani. Katika nchi ambako viwanda vingi vilihesabu wingi na kufumbia macho ubora, saini hiyo ndiyo iliyofanya kioo cha jeshi kiwe bora kuliko bidhaa nyingi zilizofika dukani. Ni haki kulikubali hilo.

Ni haki vilevile kutaja gharama yake. Dola iliyowahitaji wataalamu hawa haikuwaonea huruma. Ivan Obreimov, mwanafizikia aliyekuwa na mkono katika utafiti wa kioo cha optiki tangu mwanzo, alikamatwa mwaka 1938 na hakuachiwa hadi 1941. Mwaka 1946 dola hiyohiyo ikampa Tuzo ya Stalin. Rozhdestvensky alijitoa uhai mwaka 1940. Grebenshchikov alibahatika zaidi: jina la taasisi ya GOI lilisambaa nchi nzima kwa ajili ya dawa yake ya kung'arishia lenzi, bonge la kijani la oksidi ya kromiamu ambalo mafundi hulitumia hadi leo kunoa visu na wembe.

Wajerumani walipokaribia Moscow na Leningrad mwaka 1941, viwanda vya optiki viling'olewa na kupelekwa mashariki. Cha Krasnogorsk kilihamia Novosibirsk, mitambo ya Leningrad ikaenda Kazan, na taasisi ya GOI ikahamia Yoshkar-Ola. Vita ilipokwisha zamu ikageuka. Juni 1945 Wamarekani, kabla ya kuikabidhi Jena kwa Wasovieti, waliwachukua mabingwa 41 wa Schott na kuwapeleka magharibi. Wasovieti nao wakang'oa sehemu kubwa ya mitambo ya Zeiss, kampuni ya vyombo vya optiki ya mjini humo, na Oktoba 1946 wakawasafirisha wataalamu wa Zeiss pamoja na familia zao hadi miji kama Krasnogorsk na Leningrad. Mataifa yaliyoshinda yaligawana watu na mashine vilevile.

Kazi iliyoipa Lytkarino jina ilikuwa ya amani. Katika miaka ya 1960 kiwanda kilipewa jukumu la kutengeneza kioo cha darubini ya BTA, iliyobuniwa na Bagrat Ioannisiani na kujengwa katika milima ya Kaukazi. Kipenyo chake kilikuwa mita 6, kikubwa kuliko cha darubini ya Palomar, Marekani, chenye mita 5. Zilimiminwa tani 70 za kioo. Kikaachwa kipoe kwa miaka 2 na siku 19, maana kioo kinene kikipozwa kwa haraka hupasuka. Baada ya kukatwa na kusuguliwa kilibaki na uzito wa tani 42 na unene wa sentimita 65. Mwaka 1974, kabla ya kuthubutu kukisafirisha, walipitisha kwanza mzigo wa majaribio katika njia ileile, kwa jahazi mtoni na kisha kwa barabara hadi mlimani. Darubini ilipokea mwanga wa kwanza mwaka 1975. Kioo hicho kilikuwa na kasoro, na mwaka 1978 kikabadilishwa kwa kingine, kazi ya kiwanda hichohicho.

Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, kiwanda kilitafuta wateja nje, na kimojawapo cha vioo vilivyotoka kiwandani hapo kiko Afrika. Darubini kubwa ya SALT, iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, na kuzinduliwa na Rais Thabo Mbeki Novemba 2005, ina kioo kilichoundwa kwa vipande 91 vya pembe sita. Vyote vilimiminwa Lytkarino kwa kioo-kauri ambacho karibu hakitanuki kwa joto wala kusinyaa kwa baridi, vikang'arishwa Marekani.

Leo kiwanda kinaendelea na kazi chini ya kampuni ya Shvabe, mali ya shirika la dola la Rostec, na jeshi bado ni mteja wake. Majina ya wakurugenzi, wasomi na wabunifu yamo vitabuni. Ya wakorogaji, wasuguaji na waliokesha wakilinda joto la tanuru usiku kucha hayamo, kwa sababu siri iliyolinda michoro iliwafunika na wao. Jeshi liliagiza na dola ikalipa, lakini aliyejua kuwa kioo kimeiva ni aliyesimama mbele ya tanuru. Historia ya kiwanda isiyomtaja huyo imeandikwa nusu.