Kutoka Chicago hadi Mkolani: Historia ya Jiroskopu ya Leza kwa Mtazamo wa Ikweta

1.0 Utangulizi

Mkolani ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, kwenye barabara itokayo mjini kuelekea Shinyanga, baada ya Nyegezi na kabla ya Buhongwa. Iko takriban nyuzi 2.6 kusini mwa Ikweta. Namba hiyo ndogo ndiyo kiini cha insha hii.

Mwaka 1851 Léon Foucault alining'iniza pendulamu katika jengo la Panthéon jijini Paris, na watu wakashuhudia mstari wa mbembeo wake ukigeuka taratibu kwa sababu Dunia inazunguka chini yake. Paris mstari huo hukamilisha duara kwa takriban saa 32. Mkolani ungehitaji takriban siku 22. Mwalimu wa fizikia wa kandokando ya Ziwa Victoria anayetaka kuwathibitishia wanafunzi wake kwamba Dunia inazunguka anaweza kuhitimisha, na si bila sababu, kwamba ameishi mahali pasipofaa kwa jaribio hilo.

Insha hii inapinga hitimisho hilo. Hoja yake ni kwamba udhaifu huo si wa mahali, bali ni wa mkao wa chombo. Vyombo vya awali vya mwanga vililazwa juu ya ardhi, na kwa hiyo vilihisi sehemu tu ya mzunguko wa Dunia, sehemu ambayo hufifia kadiri mtu anavyoikaribia Ikweta. Jiroskopu ya leza ilipofanywa ndogo kiasi cha kuweza kusimamishwa wima, hali iligeuka.

2.0 Kanuni: miale miwili katika njia moja

Msingi wa jiroskopu ya leza ni jaribio la Georges Sagnac, lililofanyika Ufaransa mwaka 1913. Sagnac aliweka taa, vioo na kamera juu ya meza moja inayozunguka. Mwale wa taa uligawanywa mara mbili: sehemu moja ilisafiri njia iliyofungwa kwa upande wa kulia, nyingine kwa upande wa kushoto, kisha zikakutana tena na kuchora milia ya mwanga na giza. Meza ilipozungushwa, milia ilihama. Ilipozungushwa kinyume, milia ilihamia upande wa pili.

Sababu yake si ngumu kueleza. Wakati mwale uko njiani, meza nayo imesogea. Mwale unaofuata mwelekeo wa mzunguko hulazimika kuifukuzia sehemu ya makutano inayoukimbia. Mwale wa pili hukuta sehemu hiyo ikija kuupokea. Hivyo wa kwanza huchelewa kidogo. Kuchelewa huko huongezeka kwa kadiri ya ukubwa wa eneo lililozungukwa na njia, na kwa kadiri ya kasi ya mzunguko.

Sagnac aliamini kwamba amethibitisha kuwapo kwa etha, yaani kitu kilichodhaniwa kubeba mawimbi ya mwanga angani. Hata hivyo, tangu mwaka 1911 Max von Laue alikuwa ameonyesha kwamba nadharia ya uhusianifu ya Einstein hutabiri tokeo lilelile bila kuhitaji etha. Jaribio lilidumu; tafsiri ya mwenye jaribio haikudumu.

3.0 Jaribio la mwaka 1925 na hesabu ya Mkolani

Kuzungusha meza ni jambo moja; kuhisi mzunguko wa Dunia, ambayo hugeuka nyuzi 15 tu kwa saa, ni jambo jingine. Mwaka 1925 Albert Michelson na Henry Gale walijenga huko Clearing, karibu na Chicago, mabomba yaliyoondolewa hewa yenye umbo la mstatili wa takriban mita 612 kwa mita 339. Kwa kuwa Dunia haiwezi kusimamishwa ili kupata kipimo cha kulinganishia, waliongeza njia nyingine fupi ya kurejelea. Hesabu ilitabiri kwamba milia ingehama kwa 0.236 ya upana wa mlia mmoja. Walipima 0.230, kukiwa na uwezekano wa kosa la takriban 0.005.

Vitabu hulieleza jaribio hilo kama ushindi, na kweli ulikuwa ushindi. Lakini ulikuwa ushindi wa nyuzi 41 na dakika 46 kaskazini. Njia iliyolazwa juu ya ardhi huhisi mzunguko wa Dunia ukiwa umezidishwa kwa saini ya latitudo. Tukiyahamishia mabomba yaleyale Mkolani na kuyalaza vilevile, milia ingehama kwa 0.016 tu. Kosa la kipimo lingekuwa karibu theluthi moja ya tokeo lenyewe, na mtafiti makini angesita kutangaza chochote.

Sasa tuyasimamishe kimawazo mabomba hayo kama ukuta uliojengwa kutoka mashariki hadi magharibi, uso wake ukielekea kaskazini. Karibu na Ikweta mhimili wa Dunia umelala karibu sambamba na ardhi, ukielekea kaskazini. Kwa hiyo ukuta huo ungekabili mzunguko wote. Milia ingehama kwa 0.354, yaani mara moja na nusu ya ilivyotabiriwa Chicago. Mahali palepale palipoonekana pabaya panageuka kuwa pazuri. Kilichokosekana mwaka 1925 ni namna ya kusimamisha ukuta wa mabomba wenye urefu wa mamia ya mita.

Haki inadai kukiri kwamba jiroskopu za gurudumu zilikuwa zimekwisha kuvuka kizuizi hicho. Foucault alitengeneza jiroskopu yake mwaka 1852, na dira za jiroskopu zilizoanza kutumika melini mwanzoni mwa karne ya 20 huvutwa kuelekea kaskazini kwa nguvu kubwa zaidi kwenye Ikweta kuliko penginepo. Ni tawi la mwanga lililokuwa bado limelala chini.

4.0 Leza yalibadilisha kipimo

Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza mwaka 1960, na mwishoni mwa mwaka huohuo Ali Javan na wenzake wakatengeneza leza ya gesi ya heli na neoni. Mwaka 1963 Warren Macek na Daniel Davis wa kampuni ya Sperry walionyesha leza ya pete inayohisi mzunguko.

Tofauti yake na chombo cha Sagnac ni ya msingi. Hapa mwanga hauingizwi kutoka nje, bali huzaliwa ndani ya pete yenyewe. Ili mwale uendelee kuwaka, ni lazima urefu wa njia utoshe idadi kamili ya mawimbi. Pete inapozunguka, njia ya mwale mmoja huwa kana kwamba imerefuka na ya mwingine imefupika. Kila mwale hujirekebisha kwa kubadili masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Miale miwili inapochanganywa, tofauti ya masafa husikika kama mapigo, mfano wa nyuzi mbili za ala ya muziki ambazo hazijalingana sawasawa. Kuhesabu mapigo ni rahisi na sahihi kuliko kupima sehemu ya mlia.

Chukua pete ya pembetatu yenye pande za sentimita 10, inayotumia mwanga mwekundu wa heli na neoni. Ikilazwa mezani Mkolani, kinadharia Dunia itaipa takriban pigo 0.3 kwa sekunde. Ikisimamishwa ikielekea kaskazini, itapata takriban mapigo 6.6. Kazi iliyohitaji mabomba ya Clearing sasa inaingia kwenye kiganja, na kiganja hugeuka kokote.

Kulikuwa na kikwazo. Vioo havikosi dosari, na mwanga kidogo hutawanywa nyuma. Mzunguko unapokuwa wa polepole, miale miwili huvutana, hulingana masafa, na mapigo hunyamaza. Katika pete ndogo ukimya huo huumeza mzunguko wote wa Dunia. Joseph Killpatrick wa kampuni ya Honeywell alikitatua kwa kuitikisa pete huku na huku bila kukoma, ili isikae muda mrefu katika eneo la ukimya. Mtikisiko wenyewe huondolewa baadaye katika hesabu. Njia nyingine ni kuikuza pete: ile iliyojengwa Wettzell, Ujerumani, yenye pande za mita 4, hutoa takriban mapigo 348 kwa sekunde kutokana na Dunia pekee.

5.0 Faida yake kandokando ya Ziwa

Mwanza haikuwa ngeni kwa safari za anga za masafa marefu. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari ya kila juma kati ya London na Mwanza, ikiwa hatua ya kuelekea Cape Town. Ziwa kubwa lina hatari yake kwa rubani. Usiku usio na mbalamwezi, maji na anga huwa weusi mmoja, na taa za wavuvi wa dagaa zinaweza kudhaniwa kuwa nyota. Mwili wa binadamu hauna kiungo cha kutegemewa cha kutambua kwamba ndege inageuka polepole. Chombo ndicho husema kweli pale hisia zinapodanganya.

Boeing 767, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1982, ilikuwa miongoni mwa ndege za kwanza za abiria kutegemea jiroskopu za leza. Mfumo wake una pete tatu zilizopangwa kwa mihimili mitatu, pamoja na vihisi vya mchapuko. Kabla ya kuruka, ndege husimama tuli huku mfumo ukiusikiliza mzunguko wa Dunia na kutafuta kaskazini ya kweli bila sumaku wala setilaiti. Katika latitudo za juu sana kazi hiyo huweza kufikia dakika 17. Karibu na Ikweta huchukua kama dakika 5, kwa sababu huko mzunguko karibu wote huelekea kaskazini. Mfumo hukagua pia latitudo iliyoingizwa na rubani. Longitudo hauwezi kuihakiki kwa njia hiyo, kwani Dunia huzunguka kwa namna moja katika kila longitudo.

6.0 Hitimisho

Historia ya vyombo vya kuhisi mzunguko imezoea kusimuliwa kutoka Paris na Chicago, mahali ambapo chombo kilicholazwa chini hutoa jibu la kuridhisha. Ikisimuliwa hivyo, Ikweta hubaki tanbihi: mahali ambapo pendulamu haigeuki. Hesabu za Mkolani zinaonyesha kwamba simulizi hiyo ilichanganya tabia ya mahali na tabia ya mkao. Mwalimu wa kandokando ya Ziwa hana sababu ya kuwaomba radhi wanafunzi wake kwa latitudo yao. Awaambie kwamba Dunia inazunguka chini ya Mkolani kwa nyuzi 15 kwa saa kama izungukavyo chini ya Paris, na kwamba hapa, kuliko huko, chombo kilichosimamishwa wima huuhisi mzunguko huo karibu wote.