Sunburst: Bendi ya Dar iliyozaliwa soul ikiwa marufuku

Santuri iitwayo *Ave Africa* ilitoka mwaka 1976, kwa hiyo imeshafikisha nusu karne. Walioipiga ni bendi ya Dar es Salaam, Sunburst. Ukipita Mtaa wa Kongo leo ukaulizia muziki, utapewa singeli, utapewa taarabu, na ukimkuta muuzaji mtu mzima utapewa NUTA Jazz. Kumpata anayeijua Sunburst ni bahati. Rekodi zao za kuanzia 1973 hadi 1976 zilikusanywa na kutolewa upya mwaka 2016, na waliofanya kazi hiyo ni kampuni ya Strut ya London.

Bendi ilianzishwa mwaka 1970, na mwaka huo si wa kupitwa hivi hivi. Jiji lilikuwa limetoka kugombana juu ya vijana, mavazi yao na miziki yao. Mwanahistoria Andrew Ivaska ameueleza ugomvi huo kwa kirefu katika kitabu chake *Cultured States*, nami hapa namfuata yeye. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: ifikapo Januari 1, 1969, vimini, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana viwe vimekoma. Tarehe yenyewe haikusubiriwa. Makundi ya vijana yalijazana Kariakoo, yakawa yanawashambulia wanawake waliovaa vimini na kuwachania nguo, wengine wakiteremshwa kwenye mabasi, mpaka polisi wakaingilia. Wanaume wa suruali za kubana hawakukiona cha moto kama hicho. Maadili ya taifa, kama kawaida, yalitafutwa mwilini mwa mwanamke kwanza.

Novemba 1969 ikawa zamu ya muziki. Mustafa Songambele, Mkuu wa Mkoa wa Pwani, akaupiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam. Hapo magazeti yakapata kazi. Kuna waliounga mkono, wakisema vijana wanapotoshwa na uhuni wa madansi. Lakini wengine waliuliza swali ambalo mpaka leo halijibiki kirahisi: soul ni muziki wa watu weusi wa Marekani, watu walewale ambao Tanzania ilikuwa ikiwaunga mkono katika kudai haki zao. Iweje siasa yao ikaribishwe na ngoma yao ifukuzwe?

Mwaka uliofuata ndipo Sunburst wakaingia uwanjani, na soul hiyohiyo, wakiichanganya na roki na midundo ya ngoma za kwetu. Mwimbaji alikuwa James Mpungo, na kwenye gitaa alikuwapo Hembi Flory Kongo. Sidhani ni kwa bahati tu kwamba moja ya nyimbo zao inaitwa “Enzi za Utumwani”. Nani angemwita mhuni kijana anayepiga soul huku akiimba, kwa Kiswahili, habari za utumwa?

Kurekodi ndiko kulikokuwa na kazi. Bendi za Dar zilirekodiwa na Redio Tanzania kwenye kanda, zikarushwa hewani, basi. Kiwanda cha kufyatua santuri hakikuwapo nchini, na aliyeitaka kwa kawaida alifunga safari ya Nairobi. Sunburst walielekea kusini, Zambia, na huko ndiko ilikopatikana *Ave Africa*. Haukupita muda mrefu bendi ikasambaratika. Dar ikawa ya Mlimani Park na wenzao, kisha ikaja Bongo Fleva.

Inaniudhi kwamba rekodi hizi zilitolewa upya London na si hapa, lakini hasira yangu si kwa Waingereza wa Strut. Wao wamefanya biashara na wametuhifadhia. Lakini TBC ndiyo mrithi wa Redio Tanzania na wa kanda zake. Vipindi vya zilipendwa vipo kila wiki, na bendi zinazopigwa ni zilezile. Nusu saa ya Sunburst usiku mmoja ingegharimu nini?