Umelipia gari, umefika uwanja wa ndege unaambiwa limeisha: fanya hivi

Kampuni za kukodisha magari, sawa na mashirika ya ndege, hupokea oda nyingi kuliko magari zilizo nayo. Wanajua baadhi ya wateja hawatatokea, hasa waliooda bila kulipa. Desemba wote wakitokea, mmoja anaachwa kwenye kaunta na mizigo yake.

Ukiwa wewe ndiye huyo, usiondoke hapo. Unapooda huwa hukodi gari fulani bali aina ya gari: dogo, la wastani, la watu saba. Kwa hivyo aina yako ikiisha, omba kubwa zaidi kwa bei ileile, na hakikisha bei hiyo imeandikwa kwenye mkataba kabla hujatia sahihi. Wakikupa dogo, dai tofauti ya pesa. Wakikosa kabisa, waambie wakutafutie kwa jirani yao, na wao walipe kitakachozidi.

Desemba iliyopita shemeji yangu alitua Mombasa na watoto watatu na mama mzee. Alikuwa amelipia gari la watu saba, akaonyeshwa la watu watano. Yule kijana wa kaunta alikuwa mpole tu, maana si yeye aliyeuza gari mara mbili, nami sioni faida ya kumfokea. Shemeji alimwomba jambo moja: aandike kwenye karatasi kwamba gari halipo, aweke saa na jina lake. Meneja alipopigiwa simu kuhusu karatasi hiyo, pesa zilirudi kwa M-Pesa wakiwa bado wamesimama pale. Teksi ya kwenda Diani kupitia Dongo Kundu waligharamia wao.

Karatasi ndiyo silaha. Weka pia ujumbe wa oda, ujumbe wa malipo na risiti ya teksi. Kama walizuia amana kwenye kadi yako ya benki, usikubali kuambiwa itajiachia yenyewe, waiachilie ukiwapo.

Wakikataa kurudisha, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumuuzia mteja kwa maelezo ya uongo, na Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000. Huhitaji wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Binafsi ningejaribu barua ya madai kwanza. Wengi hulipa wakiiona.

Kabla ya safari, andika nambari ya ndege kwenye oda. Ndege ikichelewa bila wao kujua, watahesabu hukutokea na gari litapewa mwingine. Siku moja kabla, piga simu kwa ofisi ya pale uwanjani, si ya makao makuu, uulize gari lenyewe linarudi saa ngapi. Na kama uliodia kwa dalali wa mtandaoni, wapigie wote wawili, kwani kila mmoja atakwambia pesa ziko kwa mwenzake.