Babu Husikia Akitaka? Historia ya Masikio ya Wazee Wetu

Leo tunaanza na maneno ambayo bila shaka umeyasikia uani, au pengine umeyasema mwenyewe: "Huyu babu husikia akitaka." Mtoto amemwita mara tatu aje kula, hakugeuka. Lori likapita barabarani, akainua kichwa. Mjukuu anacheka, mkaza mwana anakasirika.

Babu hana kiburi. Uziwi wa uzeeni haufungi sikio lote kwa pamoja. Huanza na sauti nyembamba, na sauti nyembamba ni za watoto na za wanawake. Sauti nzito, kama ya lori au ngoma, hubaki. Hata ndani ya neno moja, sauti za s, f, t na k hupotea mapema. Ukimwambia "sita", yeye anaweza kusikia "tisa". Anasikia kwamba unasema, lakini hapati unachosema. Na ukipaza sauti sana inamuumiza, ndiyo maana hukwambia "sema kwa nguvu", kisha papo hapo "usinipigie kelele". Mambo hayo mawili ni ya kweli yote.

Umri wenyewe ni sababu kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowasumbua katika maisha. Lakini wazee wetu wa huku, kuanzia Mtwapa hadi Marafa, wana historia nyingine ndani ya masikio yao, na inafaa uijue kabla ya kumlaumu mmoja wao.

Kumbuka kwinini. Dawa hii ya gome la mti wa Amerika ya Kusini ilitibu malaria kwa mamia ya miaka. Mtu aliyeipata kwa wingi alisikia mvumo masikioni. Kwa wengi mvumo ulipita dawa ilipokwisha, wengine masikio hayakurudi sawasawa. Mgonjwa wa malaria kali hospitalini alitundikiwa kwinini kwa dripu hadi miaka ya karibuni. Ulifanyika utafiti kwa watoto 5,425 katika hospitali za nchi 9 za Afrika, na Kilifi ilikuwa mojawapo. Mwaka 2010 matokeo yalionyesha kwamba sindano ya artesunati huokoa maisha zaidi, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto mahali pa kwinini.

Jambo zito zaidi ni sindano ya kifua kikuu. Streptomaisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943, na ndiyo dawa ya kwanza iliyoweza kupambana na ugonjwa huo. Kabla yake, aliyeanza kutema damu alihesabiwa kuwa anaaga. Hapa Afrika Mashariki matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu. Kisha wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia wakashiriki katika utafiti ambao matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1972, nao ukaonyesha dunia kwamba miezi 6 inaweza kutosha. Sindano ile ilikuwa sehemu ya matibabu hayo, mchomo wa kila siku. Ikaendelea kutumika kwa miaka mingi, hasa kwa waliougua mara ya pili, ambao walichomwa kwa miezi 2. Ilikuwa mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliposema utaratibu huo uachwe. Kanamaisini, sindano ya kifua kikuu sugu, ilifuata mwaka 2019.

Sindano hizi huua vinyweleo vidogo vilivyo ndani kabisa ya sikio, na vikifa havioti tena. Streptomaisini huharibu zaidi sehemu inayomwezesha mtu kusimama bila kuyumba. Basi ukimwona bibi anashika ukuta akienda msalani usiku, na pia hasikii vizuri, muulize kwa upole kama aliwahi kuchomwa sindano za kifua. Huenda hajawahi kumwambia mtu, kwa sababu ugonjwa ule ulikuwa aibu. Alilipa kwa masikio akapata uhai, na wewe umezaliwa katika uhai huo.

Wengine masikio yao yaliliwa na kazi. Mashine ya kukamua mkonge hunguruma kutwa nzima. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele kazini, zinazomlazimu mwajiri kuwapa wafanyakazi vya kuziba masikio, ni za mwaka 2005. Babu alikuwa ameshastaafu.

Kwa nini tunayasema haya kwa kirefu? Kwa sababu huku kwetu mzee asiyeitikia anaweza kuonekana mbaya. Anakaa peke yake chini ya mwembe. Anajibu mambo ambayo hakuulizwa. Hasalimii. Watu wanaanza kunong'ona, naye hasikii minong'ono hiyo. Kilifi imezika wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na wengine wamelazimika kukimbilia hifadhi Kaya Godoma huko Ganze. Hatusemi uziwi ndio chanzo cha mauaji hayo; mara nyingi kuna ugomvi wa shamba nyuma yake. Lakini mzee aliyetengwa na mazungumzo hana nafasi ya kujitetea, na wewe mama unaweza kulikata neno hilo likiwa bado jikoni: "Babu hasikii, si mbaya."

Upweke nao ni ugonjwa. Asiyesikia huacha baraza, huacha msikiti au kanisa, hunyamaza. Huzuni huingia. Wataalamu sasa wanautaja upungufu wa kusikia miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu. Na habari za Mekatilili wa Menza na kiapo cha mwaka 1913 zilitufikia kwa midomo ya wazee waliokaa wakaulizwa, wakajibu.

Kwa hiyo ukizungumza naye, zima redio kwanza, hata kama ni sisi tunaosema. Kaa mbele yake, penye mwanga, aone midomo yako. Mguse bega kabla hujaanza. Sema polepole, kwa sauti nzito kidogo. Asipopata, badilisha maneno badala ya kurudia yale yale kwa ukali.

Kisha mpeleke kituo cha afya. Mara nyingine ni nta tu imejaa, na ikitolewa anasikia siku hiyo hiyo. Usimtilie mafuta ya taa wala kumchokoa kwa kijiti. Uziwi uliokuja ghafla, kwa siku moja au mbili, usiungoje, mkimbize. Muulizie kifaa cha kusaidia kusikia, na ukikipata usikifungie kabatini, maana huchukua wiki kadhaa kukizoea. Mweleze daktari historia yake yote: kwinini, sindano za kifua, kazi ya mkonge. Chukua na dawa anazokunywa sasa, za presha nazo, uziweke mezani azione.