Tithu za Wahopi: Zawadi, Mafunzo na Mipaka ya Soko

Wahopi wa kaskazini-mashariki mwa Arizona, Marekani, huchonga sanamu ndogo za mti ziitwazo tithu (umoja: tihu), kila moja ikiwa na sura ya katsina fulani. Wapo wageni waliozihesabu kuwa miungu ya kuabudiwa, na wapo waliozichukulia kuwa wanasesere tu. Makala haya yanashikilia kwamba tihu ni zawadi yenye mafunzo, na kwamba thamani yake hutokana kwanza na anayeitoa na anayeipokea.

Katsinam (umoja: katsina) ni viumbe wa kiroho: wamo wahenga, mawingu, wanyama na mimea. Kwa imani ya Wahopi, nusu ya mwaka huwa vijijini, kisha hurejea kwenye milima ya San Francisco, karibu na mji wa Flagstaff. Wahopi hulima mahindi katika nchi kame, na katsinam ndio wapelekao maombi ya mvua. Katika sherehe ya Powamuya mwezi Februari, na ile ya Niman mwezi Julai wanapoagwa, katsinam huwakabidhi wasichana tithu. Nyumbani, tihu hutundikwa ukutani au kwenye boriti, mtoto akaiona kila siku hadi azijue alama zake.

Usanii wake umejengwa juu ya mafunzo hayo. Huchongwa kwa mzizi mkavu wa mpopla, mwepesi na laini kwa kisu, mzizi ambao enzi za uhai wake ulitafuta maji. Tihu ya mtoto mchanga ni kibao bapa, uso umechorwa, miguu haikuchongwa. Akikua hupewa yenye kiwiliwili kamili. Rangi nazo hutaja pande za dunia: njano ni kaskazini-magharibi, buluu kusini-magharibi, nyekundu kusini-mashariki, nyeupe kaskazini-mashariki. Mchongaji akikosea alama, hata kazi yake iwe nadhifu namna gani, amemchonga asiyekuwepo.

Reli ilipofika Arizona mwishoni mwa karne ya 19, watalii na wakusanyaji waliifuata. Mwaka 1964 seneta Barry Goldwater aliipa Heard Museum ya Phoenix tithu 437. Wachongaji nao wakaanza kuonyesha misuli na miondoko ya ngoma, na wapo wanaodai kuwa hapo ndipo asili ilipopotea. Dai hilo linapuuza busara ya Wahopi wenyewe. Wilson Tawaquaptewa, kiongozi wa kijiji cha Oraibi aliyefariki mwaka 1960, aliwachongea wageni tithu zenye alama alizozichanganya makusudi, zisilingane na katsina yeyote. Aliuza ufundi, elimu akaibakiza nyumbani.

Mpaka huohuo kati ya kinachouzwa na kisichouzwa ulionekana Paris mwaka 2013, Wahopi walipokwenda mahakamani kuzuia mnada wa barakoa zao takatifu, na mahakama ikauruhusu. Pingamizi lao lilihusu vitu vya ibada vya jamii nzima, ilhali wachongaji wa Kihopi wanaendelea kuuza tithu hadharani.

Kwa hiyo, mtafiti au mhifadhi wa makumbusho aliye na tihu mkononi aulize kwanza ilichongwa kwa ajili ya nani, kabla ya kuuliza umri wake na bei yake. Jibu la Wahopi liheshimiwe, hata pale wanapochagua kunyamaza.