Mifuko ya hisani ya NHS

Mifuko ya hisani ya NHS ni mifuko ya fedha na mali za wakfu inayotunzwa kwa manufaa ya wagonjwa na watumishi wa afya ya umma katika Ufalme wa Muungano. Mapato yake hutokana na michango ya watu, wosia wa marehemu na faida ya vitega uchumi. Huduma ya Taifa ya Afya, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake NHS, hugharimiwa hasa kwa kodi. Kwa kawaida fedha za hisani huchukuliwa kuwa nyongeza juu ya wajibu wa serikali.

Historia

Kabla ya mwaka 1948 hospitali nyingi za Uingereza ziliendeshwa kwa hisani. Hospitali ya St Bartholomew's mjini London ilianzishwa mwaka 1123, na ile ya Guy's ilianzishwa mwaka 1721 kwa mali ya Thomas Guy, mfanyabiashara wa vitabu. Kwa karne nyingi hospitali za namna hii zilirithi ardhi, nyumba na fedha.

Waziri wa Afya Aneurin Bevan aliona haifai kwa jamii iliyostaarabika hospitali zake kutegemea hisani ya watu binafsi. Sheria ya mwaka 1946 ilizifanya hospitali hizo kuwa mali ya umma, na NHS ilianza kazi tarehe 5 Julai 1948. Hospitali za kufundishia madaktari nchini Uingereza ziliachiwa wakfu zao. Wakfu za nyingi za hospitali nyingine ziliingizwa katika mfuko mmoja wa pamoja. Kwa hiyo hisani haikutoweka, bali ilibadilishiwa nafasi. Sheria ya mwaka 1980 iliziruhusu mamlaka za afya kuomba michango zenyewe.

Matumizi

Mifuko hii hununua vifaa ambavyo bajeti ya kawaida haikuvipangia fedha, hugharimia utafiti na mafunzo, hupamba wodi, na husaidia familia za wagonjwa kupata malazi karibu na hospitali. Mfano unaojulikana sana ni wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street. Mwaka 1929 mwandishi J. M. Barrie aliipa haki zake za Peter Pan. Hakimiliki hiyo ilipokwisha, sheria ya mwaka 1988 iliipa hospitali haki ya kuendelea kupata mrabaha ndani ya Ufalme wa Muungano bila kikomo.

Wakati wa janga la UVIKO-19 mwaka 2020, Tom Moore, askari mstaafu aliyekaribia kutimiza miaka 100, aliizunguka bustani yake mara 100 ili kuchangisha fedha. Lengo lake la kwanza lilikuwa pauni 1,000, lakini zilipatikana zaidi ya pauni milioni 32, ambazo zilikwenda kwa shirika linalounganisha mifuko hii.

Usimamizi

Mfuko wa hisani husimamiwa na wadhamini. Sheria inawataka wafuate kusudi la mfuko na kuweka mbele maslahi yake. Mtu akiacha fedha kwa ajili ya wodi ya watoto, fedha hizo haziwezi kuhamishiwa kazi nyingine kiholela. Uangalizi hufanywa na tume ya mashirika ya hisani kwa Uingereza na Welisi, na na chombo cha peke yake kwa Uskoti.

Ugumu hutokea pale watu walewale wanapokuwa wajumbe wa bodi ya afya na pia wadhamini wa mfuko, kama ilivyo desturi Uskoti. Wakiwa bodi wanatafuta fedha za kuziba upungufu; wakiwa wadhamini wanatakiwa kuzilinda fedha hizohizo.

Mjadala

Mgongano huo ulionekana katika bodi ya NHS Tayside, mashariki mwa Uskoti. Mwaka 2018 ilifahamika kwamba mwaka 2014 zaidi ya pauni milioni 2 za wakfu zilitumika kulipia miradi ya teknolojia, ikiwemo gharama zilizokuwa zimekwisha kuingiwa. Ili kuruhusu malipo hayo, kanuni za mfuko zilisimamishwa kwa muda. Uongozi wa juu wa bodi ulibadilishwa, mdhibiti wa mashirika ya hisani alichunguza, na fedha zilirudishwa kwenye mfuko.

Wanaotetea matumizi mapana husema kwamba mgonjwa hajali kifaa kimenunuliwa na kodi au na mchango, na fedha zinazolala benki hazimtibu mtu. Wapinzani hujibu kwamba hisani ikianza kulipia huduma za msingi, serikali hupata sababu ya kupunguza bajeti. Zaidi ya hayo, michango haigawanyiki sawa: hospitali maarufu za mijini na za watoto huvutia wafadhili wengi, ilhali huduma za afya ya akili na za wazee hupata kidogo. Tena mtoaji akiona mchango wake umeziba pengo la bajeti badala ya kufanya alichokusudia, huenda asitoe tena.