Vyombo Vinavyosema

Wengi wetu tukisikia makumbusho hudhani ni nyumba ya vitu vilivyokufa. Lakini vimo humo vyombo vya Kiislamu ambavyo mpaka leo vinasema, na ajuaye kusoma huvisikia.

Katika karne ya 4 Hijria, yaani ya 10 Miladia, wafinyanzi wa Nishapur na Samarkand walifinyanga mabakuli kwa udongo mwekundu. Wakayapaka udongo mweupe laini, wakaandika juu yake kwa rangi nyeusi, kwa hati ya Kufi, kisha wakayatia dawa ing'aayo kama kioo na kuyachoma. Bakuli moja la Nishapur limo katika makumbusho ya Metropolitan, New York. Maandishi yake yanatufunza kuwa afikiriye kabla ya kutenda huokoka na majuto. Sahani nyingine imo Louvre, Paris. Nayo inasema kuwa elimu mwanzo wake ni mchungu, lakini mwisho wake ni mtamu kuliko asali.

Basi tazama, ewe msomaji. Udongo ni kitu rahisi, lakini mlaji alipokaa kula, mawaidha yalikuwa mbele ya macho yake.

Katika makumbusho ya Hermitage, St. Petersburg, iko ndoo ya shaba iliyotengenezwa Herat, Muharram mwaka 559 Hijria (1163). Imetiwa nakshi ya shaba nyekundu na fedha. Juu yake limeandikwa jina la aliyeiagiza na la tajiri aliyetengenezewa. Na pamoja nao wametajwa mafundi wawili: Muhammad bin Abdulwahid aliyeisubu, na Mas'ud bin Ahmad aliyeinakshi. Fundi hakufichwa nyuma ya mali ya tajiri.

Sisi watu wa pwani tunajua kuvitukuza vyombo. Wazee wetu walipanga mabakuli ya kaure katika zidaka, na leo tunajaza makabati. Lakini je, watoto wetu wanapokusanyika kwenye sinia wanasikia neno gani la hekima, au ni kusengenya watu tu? Na fundi aliyetuchongea mlango, tumemlipa haki yake, au tunamzungusha kesho na keshokutwa? Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kumpa mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Bakuli la udongo limehifadhi nasaha yake kwa miaka elfu. Isiwe aibu kwetu, tuliopewa ulimi, kunyamaza mbele ya watoto wetu.